Miji Inayotitia Juu ya Ardhi Iliyoganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Upimaji kwa Rada za Setilaiti

Maswali haya yanarudiwa na wanafunzi wa jiografia, wahandisi na wachora ramani wanaoanza kushughulika na picha za rada za miji ya kaskazini kama Norilsk, Yakutsk, Vorkuta, Fairbanks na Longyearbyen. Kila jibu linajitosheleza. Pale ambapo jambo limeshaelezwa, tumetaja namba ya swali badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

1. Ardhi ya mgando wa kudumu ni nini, na kwa nini mji uliojengwa juu yake utitie?

Ni ardhi ambayo joto lake halijapanda juu ya nyuzi 0 kwa miaka isiyopungua 2 mfululizo. Inaweza kuwa mwamba, mchanga, tope au mboji, na si lazima iwe na barafu ndani. Wengi huiita pamafrosti, nasi tutafanya hivyo. Yakutsk kuna kisima kinachojulikana kwa jina la Shergin. Kilichimbwa kati ya 1828 na 1837 kwa nia ya kupata maji, wachimbaji wakafika mita 116 na bado hawakutoka kwenye mgando.

Juu ya pamafrosti kuna tabaka linaloyeyuka kila majira ya joto na kuganda tena baridi ikirudi. Unene wake ni kuanzia sentimita 40 hivi penye mboji hadi mita 2 na zaidi penye mchanga.

Kinachotitisha mji ni barafu iliyomo ardhini. Mwamba mkavu ukipata joto haushuki. Lakini tope lenye barafu nyingi kuliko nafasi zilizo kati ya chembe zake likiyeyuka, maji hukimbia na ardhi hushuka kwa kimo kilekile cha barafu ya ziada. Kandokando ya Yakutsk na katika eneo la Churapcha kuna kabari za barafu zilizosimama ardhini kwa mpangilio wa pembe nyingi. Zikiyeyuka huacha shamba au uwanja umejaa vichuguu na mifereji kati yake.

2. Kwani waliojenga hawakulijua hilo?

Walilijua vizuri. Norilsk, iliyoanza 1935, ndiko mhandisi Mikhail Kim, aliyefika huko akiwa mfungwa, alikoendeleza ujenzi wa maghorofa juu ya nguzo zilizozamishwa ndani ya mgando, huku chini ya sakafu kukiachwa uwazi wa kupitisha hewa. Upepo wa majira ya baridi hupita humo na kuondoa joto la jengo kabla halijafika ardhini. Nguzo hubeba mzigo kwa sababu udongo umeganda na kuishika kandokando.

Kinachoharibu mpango huo mara nyingi kinatoka mjini penyewe. Bomba la maji ya moto huvuja chini ya jengo miezi kadhaa bila mtu kujua. Matundu ya uwazi huzibwa kwa mbao au takataka. Theluji iliyosukumwa na magreda hulundikwa ukutani, na lundo hilo ni blanketi linalozuia baridi isiingie ardhini. Chumvi ya barabarani na maji machafu hushusha kiwango cha kuganda. Juu ya yote hayo hewa yenyewe inazidi kupata joto.

Zingatia kwamba nguzo haisubiri udongo uyeyuke ndipo ilegee. Udongo wa mfinyanzi ukipanda kutoka nyuzi −3 hadi −1 bado umeganda, lakini mshiko wake kwenye nguzo umeshapungua sana.

3. Setilaiti iliyo umbali wa kilomita karibu 700 inawezaje kuona milimita?

Haioni kwa macho. Rada hutuma wimbi la redio na kupokea mwangwi wake. Pamoja na nguvu ya mwangwi, huandika wimbi lilirudi likiwa sehemu gani ya mzunguko wake, yaani awamu. Setilaiti ikirudi palepale baada ya siku 12 na kupiga tena, tunatoa awamu ya kwanza kwenye ya pili. Picha ya tofauti hiyo ndiyo intaferogramu, na njia yenyewe hujulikana kwa kifupi chake, InSAR.

Urefu wa wimbi la Sentinel-1, setilaiti za rada za Ulaya, ni sentimita 5.55. Kwa kuwa wimbi huenda na kurudi, mzunguko mmoja kamili wa rangi kwenye intaferogramu ni nusu ya urefu huo, karibu sentimita 2.8. Sehemu ya kumi ya mzunguko ni milimita 3. Ukiwa na picha kumi au ishirini makosa ya picha mojamoja hupunguzana, na mwendo wa milimita chache kwa mwaka hujitokeza.

4. Rada inapima jengo au udongo?

Kama una muda wa kusoma jibu moja tu, soma hili.

Rada hupima mwendo wa kile kilichorudisha mwangwi. Mjini, mwangwi mkali hutoka kwenye kuta, kona za kuta na barabara, paa za bati, mabomba ya juu na nguzo za taa. Udongo mtupu hurudisha mwangwi hafifu. Sasa fikiria ghorofa la Norilsk lililosimama juu ya nguzo zilizofika kwenye mwamba: udongo kandokando yake unaweza kushuka sentimita 5 huku jengo likiwa halijasogea hata nywele. Ramani itaonyesha nukta za kijani tele (rangi ya kutosogea), na msomaji asiyejua atatangaza kwamba ardhi ni tulivu, ilhali lango la jengo linaning'inia na mabomba ya kuingilia yamepinda.

Kinyume chake hutokea pia. Banda la zamani lililokaa juu ya changarawe litapanda na kushuka kila mwaka pamoja na tabaka la juu, na litaonekana linakufa kumbe liko vilevile tangu lijengwe. Kabla hujatafsiri nukta yoyote, jua aina ya msingi ulio chini yake. Ukipata ramani ya misingi kutoka ofisi ya mji, umepata nusu ya jibu. Bila hiyo, tenga angalau makundi matatu: maghorofa ya nguzo, majengo ya chini yaliyokaa juu ya kifusi, na miundo isiyo majengo kama barabara, reli na matangi.

## Setilaiti na data

5. Nitumie setilaiti ipi?

Kwa anayeanza ni Sentinel-1. Data yake ni bure, kumbukumbu zinaanzia 2014, na ukanda wake una upana wa kilomita 250. Setilaiti mbili zikifanya kazi pamoja hurudi palepale kila siku 6, moja kila siku 12. Sentinel-1B iliacha kutoa picha Desemba 2021 na pengo likabaki hadi Sentinel-1C iliporushwa Desemba 2024. Kwa hiyo usishangae ukikuta mfululizo wa mji wako una miaka iliyojaa na miaka yenye picha za kuokoteza. Ratiba haifanani kila mahali. Hesabu picha za njia yako kabla hujaahidi mtu ripoti.

TerraSAR-X hutumia wimbi fupi la sentimita 3.1 na huona vitu vya mita chache, ikirudi kila siku 11. Kwa kufuatilia ghorofa mojamoja ndiyo bora, lakini picha zake ni za kununua. ALOS-2 ya Japani ina wimbi la sentimita 24 hivi linalopenya vichaka na majani makavu, linalofaa pembezoni mwa mji na kando ya barabara kuu. NISAR ya Marekani na India, iliyorushwa Julai 2025, nayo ina wimbi la kundi hilo na hurudi kila siku 12.

Ukubwa wa pikseli usikupite. Sentinel-1 hutofautisha vitu vya mita 5 kwa 20 hivi. Ghorofa la urefu wa mita 80 litapata nukta kadhaa, nyumba ya familia moja pengine isipate hata moja.

6. Picha zinapatikana wapi, na kompyuta gani inatosha?

Hupatikana kwenye hifadhi ya Copernicus ya Ulaya na kwenye hifadhi ya Alaska Satellite Facility. Hiyo ya pili iko Fairbanks, mji ambao wenyewe una vipande vya pamafrosti chini yake, kwa hiyo sehemu ya data ya mgando imehifadhiwa juu ya mgando.

Chukua bidhaa ya SLC (picha ambayo bado ina awamu), hali ya IW (ya ukanda mpana), mkondo wa VV (wimbi hutumwa na kupokewa likiwa wima). Faili moja lililofungwa ni gigabaiti 4 hadi 5, na picha 60 zitajaza diski kabla hujaanza kazi. Kwa mji mmoja hakuna haja ya faili zima. Pakua burst (vipande vya picha) zinazoufunika tu, kila moja ikiwa na upana wa kilomita 85 hivi na kina cha kilomita 20. RAM ya gigabaiti 32 inatosha. 16 itakubali ukiwa mvumilivu.

Asiye na kompyuta ya namna hiyo atumie huduma ya HyP3 ya Alaska. Unachagua jozi za picha, seva zao zinatengeneza intaferogramu, wewe unapakua matokeo na kuyaunganisha kuwa mfululizo wa wakati kwa programu ya MintPy. Hasara yake ni kwamba bidhaa ya kawaida ya huko ina pikseli za mita 40 au 80, kubwa mno kwa jengo mojamoja. Kwa mjini chagua ile ya burst yenye pikseli za mita 20.

7. Programu inagoma au inatoa picha tupu ninapofika hatua ya miinuko. Nimekosea wapi?

Kuna uwezekano mkubwa umeacha SRTM kama ramani ya miinuko. SRTM inaishia latitudo ya 60 kaskazini. Yakutsk iko 62, Norilsk 69. Weka Copernicus DEM ya mita 30 badala yake. ArcticDEM ni kali zaidi, lakini inaonyesha uso wa juu pamoja na majengo, na mjini ina mashimo na kelele, hivyo ilainishe kwanza.

## Theluji na majira

8. Nitumie picha za miezi gani?

Kwa udongo na barabara tumia zile za wakati ardhi haina theluji. Norilsk hiyo ni kama katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba, Yakutsk ni Mei hadi mwanzo wa Oktoba. Kwa marudio ya siku 12, Norilsk itakupa picha 8 au 9 kwa mwaka. Ni chache, lakini ni safi.

Theluji kavu inapenyeka, na hapo ndipo inapodanganya. Wimbi likipita ndani yake hucheleweshwa, na ucheleweshaji unasomeka kama ardhi imeshuka. Theluji ambayo ikiyeyushwa ingetoa maji ya kina cha sentimita 3 hivi inatosha kuzungusha awamu ya Sentinel-1 duara zima. Majira mazima ya baridi hukusanya mara kadhaa ya hapo. Theluji mbichi ya wakati wa kuyeyuka ni mbaya zaidi, kwani hufyonza wimbi na jozi nzima huwa mchele wa rangi.

Nukta za kuta na vyuma huweza kudumu hata majira ya baridi, na wanaofuatilia majengo tu huzitumia mwaka mzima. Hata hao waondoe picha za wiki za kuyeyuka, na wakumbuke suala la joto lililo kwenye swali la 18.

9. Ardhi inapanda na kushuka kila mwaka. Nitatenganishaje mwendo huo na kutitia kwa kweli?

Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa asilimia 9. Tabaka la mita 1 lililolowa, lenye maji asilimia 40 ya ujazo wake, litavimba sentimita 3.6 hivi kila baridi na kushuka hizohizo majira ya joto. Huo ni mzunguko wa kawaida, hauna deni. Kutitia halisi ni kile ambacho mwaka unaofuata hakirudi.

Njia rahisi ni jozi za mwaka hadi mwaka: mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba mwaka huu dhidi ya tarehe hizohizo mwaka ujao. Wakati huo tabaka limeyeyuka karibu na kina chake cha mwisho, hivyo mzunguko unajifuta wenyewe. Si kikamilifu, kwa sababu mwaka wenye joto kali huyeyusha zaidi. Angalia kumbukumbu za kituo cha hali ya hewa kabla ya kulinganisha.

Njia ya pili ni kuweka mwendo wa majira ndani ya modeli. Kina cha kuyeyuka hufuata mzizi wa mraba wa jumla ya nyuzi-joto za kila siku tangu theluji iondoke. Ikiwa jumla ya msimu ni 1,600, nusu ya mshuko wa msimu huwa imeshatokea jumla inapofika 400, mapema kabisa. Unalinganisha kila pikseli na vipengele viwili, mzizi huo na mstari wa miaka. Kipimo cha mstari ndicho kutitia. Kwa utaratibu wa namna hii picha za ERS, setilaiti za rada za Ulaya za zamani, za 1992 hadi 2000 zilionyesha kaskazini mwa Alaska mshuko wa msimu wa sentimita 1 hadi 4 na wa kudumu wa sentimita 1 hadi 4 kwa muongo. Mtu aliyeweka sinusi ya kawaida kama anavyofanya kwenye miji ya joto atapata mabaki yenye umbo la msumeno.

## Uchakataji

10. Niandame nukta zinazodumu au minyororo ya jozi fupi?

Nukta zinazodumu huchagua pikseli zenye mwangwi thabiti miaka yote na kulinganisha picha zote na picha moja mama. Zinataka picha 20 au zaidi, na zinafaa majengo na mabomba. Minyororo ya jozi fupi hutumia jozi nyingi zenye muda mfupi na umbali mdogo kati ya njia za setilaiti. Inafaa udongo, barabara, viwanja na pembezoni. Kwa kuwa hoja ya swali la 4 ni kwamba majengo na udongo ni vitu viwili, fanya zote mbili kisha uweke matokeo juu ya ramani moja. Tofauti kati yake ndiyo habari yenyewe.

Hatua za mnyororo ni hizi kwa kifupi. Pakua obiti sahihi, zinazotolewa siku kama 20 baada ya picha. Linganisha picha hadi sehemu ya elfu ya pikseli, la sivyo mipaka ya burst itaonekana kama ngazi. Tengeneza jozi za siku 12, 24 na 36 ndani ya msimu, ongeza za mwaka hadi mwaka kwa Agosti na Septemba. Kunjua awamu, yaani hesabu mizunguko mizima iliyopita, kwa programu ya SNAPHU. Ondoa athari ya hewa kwa data ya hali ya hewa ya ERA5 au GACOS. Funga nukta ya marejeo (swali la 11), kisha geuza mtandao kuwa mfululizo wa wakati.

Usitumie jozi za siku 6 au 12 peke yake. Unyevu wa udongo na ukuaji wa majani huacha kosa dogo lenye upande mmoja katika kila jozi fupi, na ukijumlisha jozi mia moja kosa hilo huwa mshuko mzuri usiokuwepo. Hukumu ya ukweli ni jozi za mwaka.

11. Nukta ya marejeo niiweke wapi?

Vipimo vyote ni vya kulinganisha na nukta unayosema wewe kwamba haisogei. Ukiiweka juu ya kiwanja kinachoshuka milimita 6 kwa mwaka, mji mzima utapanda milimita 6.

Norilsk una mwamba kwenye miteremko ya milima iliyo karibu, hivyo tafuta jiwe tupu karibu na usawa wa mji. Ukipanda juu sana hewa itakuharibia. Yakutsk imekaa kwenye bonde la mto Lena, juu ya mchanga na tope, mwamba hauonekani. Hapo chukua wastani wa maghorofa kadhaa ya nguzo ndefu yasiyo na nyufa, si jengo moja, kisha rudia kazi yote kwa kundi jingine. Matokeo yakitofautiana kwa zaidi ya milimita 2 kwa mwaka, marejeo yako hayaaminiki.

Vituo vya kudumu vya GNSS (setilaiti za kupima mahali, kama GPS) kama YAKT cha Yakutsk na NRIL cha Norilsk husaidia kufunga mwendo wa eneo zima. Lakini kituo chenye mguu uliozama chini ya tabaka la kuyeyuka hakioni tabaka hilo likipanda na kushuka. Usikitumie kusahihisha udongo. Kuna mbinu ya kutumia miali ya GNSS inayodunda ardhini kupima kimo cha antena juu ya uso, na imejaribiwa Utqiaġvik, Alaska. Hiyo ndiyo inayolingana na rada.

12. Nimepata −10 mm. Ndiyo kusema ardhi imeshuka milimita 10?

La. Rada hutazama kwa upande, hivyo −10 ni kusogea mbali na setilaiti katika mstari wake wa kutazama. Ikiwa una hakika mwendo ni wa wima tu, gawa kwa kosaini ya pembe ya kuangukia, yaani pembe kati ya mwale wa rada na wima. Kwa nyuzi 39 utapata milimita 12.9.

Penye mteremko hakuna uhakika huo, maana udongo ulioyeyuka huteleza. Tumia njia ya kupanda (setilaiti ikielekea kaskazini) na ya kushuka (ikielekea kusini) pamoja ili kutenganisha wima na mashariki-magharibi. Mwendo wa kaskazini-kusini rada hizi karibu hazioni. Katika latitudo za juu njia za setilaiti hupandana sana, kwa hiyo mara nyingi utapata njia tatu au nne zinazoona mji huohuo kwa pembe tofauti. Zitumie.

13. Je, kuna kasi ambayo rada haiwezi kuifuata?

Ipo. Kati ya pikseli mbili jirani, tofauti ya mwendo ndani ya jozi moja isizidi robo ya urefu wa wimbi, sentimita 1.4 kwa Sentinel-1. Ikizidi, ukunjuaji wa awamu unakosea kwa mzunguko mzima na hausemi kwamba umekosea. Kwa jozi ya siku 12 nafasi hiyo ni kubwa, ila kwa jozi ya mwaka ni ndogo. Penye kabari za barafu shimo linaweza kushuka sentimita 10 kwa mwaka mita chache tu kutoka palipo patulivu. Hapo tumia wimbi la sentimita 24, ambalo robo yake ni 6, au kubali kwamba pahali hapo pataonekana kama kelele. Mara nyingine duara la kelele lililozungukwa na data safi ndilo eneo bovu kuliko yote.

14. Usahihi wa kweli ni upi, na vioo vya pembe vinasaidia?

Nukta zinazodumu, picha 30 na marejeo mazuri: milimita 1 hadi 2 kwa mwaka. Udongo kwa minyororo ya picha za majira ya joto: milimita 3 hadi 5 kwa mwaka, na hiyo ni baada ya miaka 4 au 5. Tarehe mojamoja usiiamini chini ya milimita 5.

Palipokosekana mwangwi mzuri, mfano kando ya tangi au daraja, husimikwa kioo cha pembe: mabati matatu ya alumini yaliyokutana kwa nyuzi 90, kila upande mita 1 hadi 1.5. Cha mita 1 hurudisha mwangwi wa desibeli 31 hivi juu ya mita mraba 1, unaotosha kung'aa juu ya changarawe. Kinachoharibika kaskazini ni mambo matatu. Kwanza, theluji hujaa ndani. Weka kifuniko cha plastiki kisichozuia redio na toboa tundu la maji kwenye pembe ya chini. Pili, mguu mfupi hung'olewa polepole na kuvimba kwa udongo, na rada itapima mguu unaong'oka. Uzamishe mara mbili au tatu ya kina cha kuyeyuka, na sehemu ya juu uivishe bomba laini lenye grisi ili udongo usiishike. Tatu, watu hukielekeza kwa dira ya sumaku bila kusahihisha. Katika latitudo hizi tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na ya kweli ni nyuzi nyingi, na kioo kinaangalia kando.

## Kusoma matokeo

15. Jengo halisogei miaka mitano. Liko salama?

Hatujui. Rada haipimi joto. Udongo unaweza kupanda kutoka −3 hadi −0.5 bila paa kusogea, halafu mshiko wa nguzo ukaachia. Visima vya kupimia joto vyenye vihisi kila mita 1 hadi kina cha mita 10 au 15 havina mbadala. Kazi ya rada ni kusema visima hivyo vichimbwe wapi.

16. Upande mmoja wa jengo unashuka kuliko mwingine. Nifanye nini na ramani hiyo?

Gawa tofauti ya mshuko kwa umbali kati ya nukta. Milimita 8 kwa mwaka juu ya mita 40 ni 1 kwa 5,000 kila mwaka; miaka kumi ni 1 kwa 500, na hapo kuta za matofali na vibao vya zege huanza kupasuka. Kwa hatari, mkunjo huo ni muhimu kuliko mshuko wa wastani: jengo linaloshuka lote sawasawa huumiza mabomba zaidi kuliko kuta.

Kisha hakikisha nukta mbili hizo ziko kwenye jengo hilo kweli. Sentinel-1 hukosea mahali kwa mita kadhaa, na ghorofa refu huangukia upande wa setilaiti, hivyo nukta ya paa inaweza kuchorwa barabarani. Sahihisha kwa kimo cha nukta. Baada ya hapo mtu aende akaangalie uwazi wa chini: maji yaliyosimama, mvuke, barafu iliyojaa, matundu yaliyozibwa. Wengi huanza na kuta za ndani. Tunashauri waanze chini.

17. Rada ingeweza kuzuia ajali ya tangi la Norilsk?

Tarehe 29 Mei 2020 tangi la dizeli la kituo cha umeme karibu na Norilsk lilipasuka baada ya nguzo zake za msingi kuzama, na tani kama 21,000 zikamwagika, nyingi zikaingia mto Ambarnaya. Uchunguzi wa serikali ulitaja pia kasoro za usanifu na ujenzi wa msingi, kwa hiyo kusema tu "pamafrosti iliyeyuka" ni kufupisha mno.

Rada huona mwendo wa polepole unaotangulia, kama upo. Nguzo inayoachia ghafla kati ya picha mbili haiwezi kuwahi. Tena tarehe yenyewe ni ya wiki za kuyeyuka, wakati data ni mbovu kuliko zote. Kwa tangi linalobeba maelfu ya tani, weka vihisi vya mkao na joto vinavyotuma taarifa kila saa, na rada itumike kuchagua matangi ya kuanza nayo.

## Hali zisizo za kawaida

18. Paa na mabomba ya moshi yanapanda majira ya joto na kushuka baridi, kinyume cha udongo. Ni kosa?

Ni chuma kinarefuka. Mnara wa chuma wa mita 30 ukitoka −40 hadi +20 hurefuka milimita 20 na ushei. Majengo yenye joto ndani hurefuka kidogo kuliko hapo. Weka joto la hewa la saa ya picha kama kipengele cha modeli pamoja na kimo cha nukta, na mwendo huo utaondoka.

19. Picha za wimbi refu zina mistari mipana inayokatiza mji. Ni nini?

Ni ayonosfia, ile tabaka ya juu inayong'aa usiku wa mianga ya kaskazini. Ucheleweshaji wake hukua kwa mraba wa urefu wa wimbi, hivyo ALOS-2 huathirika karibu mara 18 kuliko Sentinel-1. Tumia marekebisho ya kugawanya masafa, au tupa tarehe zenye dhoruba ya jua.

20. Jengo lililokuwa na nukta nzuri limetoweka kwenye ramani ya mwaka huu.

Uliza kwanza mambo ya kawaida: limebomolewa, limefunikwa paa jipya, au limewekwa jukwaa la ukarabati. Vorkuta na Norilsk ubomoaji wa maghorofa mabovu ni jambo la kila siku. Kama limesimama bila kuguswa, rudi swali la 13; huenda limesogea kuliko jozi zako zinavyoweza kufuata. Lichakate tena peke yake kwa jozi fupi za mwaka huo.

21. Njia hii inafaa Afrika Mashariki?

Inafaa na imeshatumika, ingawa barafu si hoja: pamafrosti ya Kilimanjaro ni vipande vidogo kileleni, na hakuna mji juu yake. Picha za rada zimeonyesha volkano za Bonde la Ufa nchini Kenya, Longonot na Paka miongoni mwao, zikivimba, na maporomoko ya polepole ya ardhi chini ya mitaa ya Bukavu, Kongo, yamepimwa kwa nukta zinazodumu. Adui wa huko ni migomba, mvua na mvuke wa hewa. Ushauri wa theluji na vioo uweke kando. Wa nukta ya marejeo na wa kujua mwangwi umetoka kwenye nini, majibu ya 4 na 11, uchukue kama ulivyo.